Mnyama Wako Atakubali Kuachiwa Mgeni Nyumbani?

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ninasafiri, mnyama wangu abaki nyumbani na mtu wa kumwangalia, au nimpeleke kwingine? Kabla ya kuanza kuangalia wanyama majumbani mwa watu nilikuwa msaidizi katika kliniki ya mifugo, kwa hiyo ninajibu kwa yale niliyoyaona sebuleni na yale niliyojifunza pembeni ya meza ya daktari. Barua nimezifupisha, na majina ya wenyewe sikuyaweka.

Mama, shikamoo. Nina mbwa dume wa miaka minne, mpole, anampenda kila mtu. Wageni wakija anawalalia miguuni. Mwaka jana nilimpeleka kituo cha kulelea mbwa, akagoma kula, akarudi amekonda. Sasa nasafiri wiki mbili. Binti wa rafiki yangu amekubali kuja asubuhi na jioni kumlisha na kumtembeza. Naona nyumbani ndiko bora kwake, ila jirani ananiambia kila nikitoka mbwa analia. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Habari ya kituo ni kubwa, lakini aliyoileta jirani ni kubwa zaidi, nami ningeanza na hiyo.

Kuna mbwa anayeumizwa na mahali pageni, na kuna mbwa anayeumizwa na kuachwa. Ukiwatazama kituoni huwezi kuwatofautisha: wote hawali, hawatulii, wanakonda. Yule wa kwanza ukimwacha kwake, penye kitanda chake, harufu zake na njia yake ya matembezi, shida yake imeisha nusu kabla hata mwangalizi hajafika. Wa pili nyumba haimsaidii kitu. Anachokitaka ni mtu, na ukimwachia nyumba nzima yenye bakuli lililojaa, bado umemwacha.

Mjue wako ni yupi kabla hujakata tiketi. Tegesha simu irekodi video, toka kama unavyotoka siku zote, kaa nje saa nzima. Mbwa asiyeweza kuachwa huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza. Anazunguka kati ya mlango na dirisha. Anahema mdomo wazi na wala hakuna joto. Mate yanamdondoka mpaka sakafu inalowa. Anaukwangua mlango uleule ulioutokea, na anaweza kukojoa ndani ingawa alishafunzwa zamani. Mbwa aliyechoshwa na kukaa bure ni mwingine kabisa: huyo kwanza hulala, akiamka ndipo anatafuta cha kutafuna, na uharibifu wake utaukuta kwenye mto na viatu, si mlangoni tu. Huyo anahitaji matembezi marefu na kitu cha kumshughulisha, na mtu wa kuja mara tatu kwa siku anamtosha.

Ukiona kwenye video yale ya kwanza, fanya hesabu. Binti akija mara mbili kwa siku, saa moja kila mara, mbwa wako atabaki peke yake saa 22 kati ya 24, wiki mbili mfululizo. Hapo sitakuficha: mpango huo haumfai. Kubaki nyumbani anaweza, ila na mtu atakayehamia, alale humo, na asitoke kwa muda unaozidi ule ambao mbwa amezoea kuvumilia. Mtu wa namna hiyo akikosekana, mpeleke akakae kwa mtu anayemfahamu na anayeshinda nyumbani. Na ukirudi safari zungumza na daktari wa mifugo, maana hofu ya kuachwa inatibika kwa mazoezi ya hatua kwa hatua, wakati mwingine pamoja na dawa. Huchukua wiki, hata miezi, ndiyo sababu sikuambii uanze leo.

La pili ni huo upole wake. Usiutegemee bado. Unaoufahamu ni upole wa mbwa ambaye mwenyewe yupo.

Niliwahi kumwangalia jike mmoja mkubwa wa rangi ya kahawia. Siku ya kutambulishana, mbele ya mama mwenye nyumba, alinilamba mikono na kuniegemea magoti. Kesho yake niliingia peke yangu kwa ufunguo. Hakubweka. Alisimama ukumbini, kati yangu na mlango wa chumba cha kulala, mdomo ameufunga, mkia ameuinua na hautikisiki, uzito wote ameuleta miguu ya mbele. Nilipoinua mkono kuchukua kamba iliyoning'inia ukutani alilamba pua yake haraka, akageuza kichwa pembeni, lakini macho hakuyaondoa kwangu, weupe wa jicho ukaonekana. Nikaiacha kamba palepale. Nikaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango wa kutokea, ubavu ndio unamwelekea, nikafungua gazeti. Ilichukua muda mrefu. Kwanza alishusha mkia, kisha akajilaza, akatoa pumzi nzito, na mwisho akaja kunusa kiatu changu. Asubuhi ile hakutembezwa. Nilimfungulia mlango wa uani tu, na bakuli nikaliweka nikasogea mbali. Jioni mwenyewe aliniletea shingo nimfunge kamba.

Mbwa yule alifaa kuachwa nyumbani. Lakini alihitaji mtu anayeusoma mwili wa mbwa. Kijana mwenye haraka angenyoosha mkono achukue kamba, angeumwa, na mbwa angeitwa mkali mpaka kufa kwake kwa kosa ambalo si lake.

Kwa hiyo jaribu kabla. Binti akutane na mbwa nje kwanza, mtembee wote watatu, kamba ianze mkononi mwako iishie mkononi mwake. Siku nyingine aingie ndani nawe upo: asimwite, asimshike kichwa, amwache aje akitaka. Siku nyingine utoke wewe, na utoke kweli, usijifiche uani, maana atakunusa. Rudi baada ya saa kadhaa. Halafu alale usiku mmoja nawe ukiwa mahali unapoweza kurudi upesi.

Ukirudi usimuulize kama mbwa alikuwa mzuri, kwa sababu atajibu ndiyo ili kukufurahisha. Muulize kitu kimoja kimoja. Alikula? Alikula ukiwepo, au alisubiri utoke chumbani? Alijisaidia nje? Alilala amejinyoosha ubavu, au alikesha mlangoni? Ulipopita karibu na bakuli lake alikakamaa? Mbwa mzima mwenye afya akikosa mlo mmoja siku ya kwanza usiogope. Ila kama siku ya pili anakataa hata kile anachokipenda kupita vyote, au maji hagusi, jibu umeshalipata, na ni heri umelipata ukiwa bado karibu.

Hukuniambia binti huyo ana umri gani. Ni muhimu. Awe na nguvu za kumzuia mbwa akiona paka ng'ambo ya barabara, na awe mtu ambaye daktari akimpigia simu usiku anaweza kufanya uamuzi bila kungoja mzazi wake aamke.

Habari za kazi, Mama. Paka wangu ni jike, ana miaka 13. Mtu akibisha hodi tu anaingia chini ya kitanda, hatoki mpaka mgeni aondoke. Kaka yangu anasema paka wa hivyo hawezi kuachiwa mtu asiyemjua, nimpeleke kwake. Yeye ana watoto wadogo na mbwa. Naondoka siku kumi.

Kaka yako anakupenda, lakini hapa simuungi mkono. Paka wako anafaa kubaki nyumbani, tena kuliko mbwa wengi.

Paka hushikamana na mahali. Umewahi kumwona akisugua shavu kwenye kona ya kabati au mguu wa meza? Anaacha harufu yake pale, na nyumba nzima ameipiga alama hivyo. Humo anajua pa kukimbilia, na huko kujificha chini ya kitanda ndiko kunakomtuliza. Ukimhamishia kwa kaka yako atajificha vilevile, ila mahali ambapo hakuna hata kona moja yenye harufu yake, mbwa anamngoja nje ya mlango, na watoto wanamvuta mkia kwa mapenzi. Kwa paka wa miaka 13 hiyo ni mizigo mingi kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo usipime kama anamsalimia mgeni. Pima kama akishaondoka mgeni anatoka, anakula, anakunywa na anatumia beseni lake la mchanga. Mwombe mwangalizi aje siku mbili tatu kabla hujasafiri, akae kimya nusu saa, aweke chakula, aondoke, nawe uwe umetoka. Jioni tazama bakuli na mchanga. Bakuli likiwa tupu na mchanga una mkojo, amefaulu, hata kama mwangalizi hakuona zaidi ya ncha ya mkia.

Hata hivyo, kufaa kwake kusikudanganye ukajaza bakuli kubwa ukamwambia mtu apite kila baada ya siku mbili. Hilo nalikataa kwa kila paka, na nikisikia mtu analifanya moyo unaniuma. Paka akikaa siku mbili au tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili huweza kumiminikia kwenye ini, na ini likashindwa kazi. Na wenye paka dume nao wasome hapa: dume anayeingia kwenye beseni mara kwa mara, anajikamua, analia na hakitoki kitu, njia yake ya mkojo huenda imeziba. Huyo anapelekwa kwa daktari saa hiyohiyo, si kesho, kwa sababu anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Na mabadiliko ya nyumbani yanayompa paka wasiwasi ni miongoni mwa yanayochochea shida za kibofu. Mtu anayepita kila baada ya siku mbili atamkuta amekwisha.

Basi aje kila siku, mara mbili kwa paka mzee kama wako, na kila siku amwone kwa macho yake. Asimvute. Ainame mbali kidogo, amulike tochi pembeni, si usoni, aone kwamba amekaa sawa, anapumua vizuri, macho ni maangavu. Kisha asome mchanga. Mabonge ya mkojo jana yalikuwa mawili, leo hakuna hata moja: akupigie. Yalikuwa ya kawaida, sasa ni makubwa na bakuli la maji linakauka: akupigie pia, kwani figo, kisukari na tezi ya shingo hujionyesha hivyo kwa paka wazee. Apime chakula anachoweka na kinachobaki, aandike kwenye karatasi jikoni. Kwa paka anayejificha, karatasi hiyo ndiyo macho yako.

Mwachie mchanga uleule, chakula kilekile na fulana uliyoivaa isiyofuliwa, itandike pale anapolala. Funga vyumba vyenye mashimo asikoweza kufikiwa. Kama una maua ya lili ndani, yatoe nje kabisa. Hata chavua yake ikimwangukia manyoyani akajilamba, figo zinaweza kuharibika.

Kuna hali moja ambayo ingenifanya nibadili jibu. Kama paka wako anameza kidonge kila siku, swali si lilelile tena, maana hapo anayejificha itabidi akamatwe, asubuhi na jioni, na mtu anayemwogopa. Baada ya siku mbili atakuwa anakimbia akisikia ufunguo tu. Muulize daktari kama dawa hiyo ipo kwa namna ya kuchanganywa na chakula au kupakwa. Kama haipo, afadhali akae wodi ya kliniki inayolea paka mbali na mbwa.

Mama, mbwa wangu aliwahi kumuuma fundi aliyekuja kutengeneza bomba. Ni mara moja tu na halikuwa jeraha kubwa. Nikimwambia mwangalizi ataingiwa na hofu na mbwa ataihisi. Je, ni lazima niseme?

Lazima. Mwambie yeye, siku ya kwanza, kabla hajakanyaga ndani, na umweleze yote: fundi alikuwa wapi, alikuwa ameshika nini, mbwa alinguruma kwanza au hakunguruma, aliuma na kuachia au aling'ang'ania, jeraha lilishonwa au halikushonwa. Mtu anayeifanya kazi hii kwa moyo hakimbii akisikia hivyo. Anakimbia akigundua alifichwa.

Na swali lako halisi umelipita. Mbwa aliyemuuma mtu aliyeingia nyumbani, na wewe unataka kumwachia mtu atakayeingia nyumbani, tena wewe haupo. Kwa mbwa huyu nyumba ndicho kitu anachokilinda. Wengi wa namna hii huwa watulivu zaidi mahali pasipo pao, kwa hiyo kituo kizuri chenye mabanda yanayogawanyika kwa mlango wa kati, ambapo mlishaji anaweka chakula upande mmoja mbwa akiwa upande mwingine, kinaweza kumfaa kuliko kitanda chake mwenyewe. Sisemi ni mbwa mbaya. Nasema mpango wa kumwachia mtu ufunguo haumfai, isipokuwa mtu huyo ni yule anayeishi naye tayari au amemzoea miaka mingi.

Ikiwa ananguruma, usimpige kwa kunguruma. Mbwa aliyefunzwa kunyamaza huuma bila kuonya, na hao ndio wanaotutisha sisi tunaofungua milango.

Chanjo yake ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na muda, na cheti kiwe juu ya meza. Yeyote anayeumwa na mbwa, hata mkwaruzo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu aende hospitali siku hiyohiyo. Hilo mwangalizi wako alijue hata kama una mbwa mpole.

Shikamoo Mama. Mbwa wetu ana kisukari, anachomwa sindano ya insulini mara mbili kwa siku. Mke wangu anasema mbwa mgonjwa hawezi kuachiwa mtu, kwa hiyo tangu augue hatujasafiri pamoja. Je, ni kweli?

Marahaba. Si kweli, na nakuonea huruma wewe na mama watoto. Mbwa wa kisukari ambaye hali yake imetulia huwa ni miongoni mwa wanaofaa sana kubaki nyumbani, kwa sababu mwili wake unataka siku zifanane: chakula kilekile, kiasi kilekile, saa zilezile, sindano kila baada ya saa 12. Kituo chenye kelele, ambako anaweza kugoma kula, ndiko hatari, maana insulini ikiingia mwilini na chakula hakimo sukari hushuka mno.

Anayepimwa hapa ni mwangalizi. Usimpe kazi mtu anayesema nitajifunza kwenye video. Amchome mbele yako, kwa mkono wake, zaidi ya mara moja, mpaka uone hatetemeki na mbwa hajali. Ajue kwamba sindano lazima ziwe za aina inayolingana na nguvu ya insulini yenyewe, kwamba chupa inakaa kwenye friji na haigandishwi, kwamba chakula ndicho kinatangulia, na kwamba mbwa akikataa kula hachomwi dozi kamili mpaka daktari apigiwe. Ajue sura ya sukari iliyoshuka: mbwa anayumba, amelegea, anatetemeka, anatazama kama hakujui, kisha degedege. Asali au sharubati ya sukari ipakwe kwenye ufizi, asimiminiwe mdomoni akapaliwa, na safari ya kliniki ianze papo hapo. Na kama hana uhakika kwamba sindano iliingia yote au ilimwagikia manyoyani, asirudie. Kukosa dozi moja kunavumilika kuliko kupewa mbili.

Lipo kundi ambalo ningelikatalia. Mbwa aliyegunduliwa juzi, ambaye dozi yake bado inapandishwa na kushushwa, asiachiwe mwangalizi nyumbani. Akae kliniki, au safari isubiri. Vivyo hivyo mwenye kifafa ambaye degedege bado zinamjia bila mpango. Aliyetulia kwa dawa anaweza kubaki na mtu anayelala humo, mradi ajue mambo mawili: degedege ikipita dakika 5, au zikifuatana bila mbwa kurudiwa na fahamu, ni dharura, na dawa ya kifafa haikatizwi ghafla hata kama mbwa anaonekana mzima.

Mwandikieni daktari wenu barua fupi mkimruhusu kumtibu mbwa mkiwa mbali, na semeni kiasi cha fedha mtakacholipa bila kuulizwa. Nimewahi kusimama mapokezi usiku na mnyama mikononi huku simu ya mwenyewe haipatikani. Karatasi hiyo moja ingeokoa saa nzima. Kisha safirini. Anzeni na usiku mmoja.

Mama, mimi ni mwanafunzi wa miaka 14. Nina sungura wawili na tuna kasuku wa kijivu wa babu. Tunasafiri siku tano. Baba anasema hao si mbwa, jirani atawarushia chakula tu. Nina wasiwasi.

Wasiwasi wako una msingi, mwanangu, na umefanya vizuri kuandika. Msomee Baba haya kwa adabu.

Sungura wabaki nyumbani wote wawili, msiwatenganishe. Kusafirishwa na kukaa chumba kimoja na mbwa wanaobweka kunawaogofya kweli. Lakini sungura si wa kurushiwa chakula. Tumbo lake linatakiwa kufanya kazi mchana na usiku, na likisimama anaweza kufa upesi. Jirani aje asubuhi na jioni, nyasi kavu zisiishe kamwe, na kila akija atazame vinyesi: viwe vingi, mviringo, vya ukubwa mmoja. Sungura ambaye hajala wala kutoa kinyesi kwa saa 12 ni wa kupelekwa kwa daktari, hata kama amekaa tu pembeni kimya kama anapumzika. Sungura huuficha ugonjwa, na kule kukaa kimya ndiyo dalili yenyewe. Muonyeshe jirani jinsi ya kumbeba, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukishika matako, kwa sababu akirusha miguu akiwa hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo.

Kasuku ndiye ninayemfikiria zaidi. Kasuku wa kijivu huchagua mtu wake, na kama ni Babu, basi akimkosa anaweza kunyamaza, kumuuma anayembadilishia maji, hata kujinyonyoa manyoya ya kifua. Jirani aanze kuja sasa, kila siku, Babu akiwa ameketi hapohapo, ampe kwa mkono kitu kimoja anachokipenda. Mkiona anakipokea toka kwa jirani na Babu yuko chumba kingine, anaweza kubaki kwenye kizimba chake. Mkiona anarudi nyuma ya kizimba na kujibana manyoya mwilini kila jirani akiingia, afadhali Babu abaki naye au aende naye.

Asiachwe kimya siku nzima. Jirani akae, azungumze naye, na usiku apate giza na utulivu saa 10 hadi 12. Na jirani akitaka kupika jikoni kwenu, mfiche kabisa vikaango vile vyeusi visivyogandisha chakula. Kikaango cha namna hiyo kikiachwa motoni mpaka kikazidi joto hutoa moshi ambao binadamu anaweza asiuhisi hata kidogo, lakini unaua ndege wa chumba cha pili kwa dakika chache.